Mashine ya kupura imenitapikia, Shosho akaiponya

Leo mashine imenitapikia maharagwe usoni mbele ya majirani.

Ni ile mashine kuukuu ya kupura iliyokuwa imelaliwa na kuku hapa kwetu Ruiru tangu nizaliwe. Trei ya kuingizia mazao, chekecheke na nusu ya meno vilikuwa vimepotea. Miezi minne nimechongesha vipuri kwa mafundi wa jua kali huko Thika, vingine kwa kukisia tu.

Basi nikaiwasha. Kila nilichoitilia ikanirudishia.

Watu walicheka hadi wakashika magoti.

Shosho, nyanya yangu, hakucheka. Aliitumia akiwa msichana. Akaizunguka polepole, akasimama upande wa pili, akanyoosha mikono kama amebeba mzigo.

"Mimi nilikuwa nailishia huku."

Kumbe trei nimeifunga mkiani.

Tukaihamisha, nikawasha tena. Wueh. Maharagwe yakamwagika safi kwa gunia, maganda yakaruka kule.

Ile fimbo aliyokuwa akipigia maharagwe kwa mkono miaka yote, Shosho ameivunja vipande viwili. Saa hii ni kuni, inachemsha chai.

Na wewe uliyeniambia niiuze kama chuma chakavu, kuja tu unywe. Kikombe chako kipo.