Safari Iliyofungwa Bunju

Wahida binti Abdulnasir hakuwa mtu wa kuogopa usukani. Marehemu baba yake alikuwa dereva wa chuo cha uvuvi pale Mbegani, na binti alipofika darasa la sita akaanza kumfundisha kuendesha kwenye viwanja vya chuo siku za Jumapili. Alikuwa akimwambia kwamba gari halitaki nguvu, linataka adabu. Alipofariki aliwaachia Wahida na mama yake, Bi Mosi, nyumba ndogo ya Dunda na kiwanja kule Mlingotini. Wahida alikuwa ameachika na kurudi nyumbani, amekaa miaka mitatu akishona mashela yasiyonunuliwa, ndipo siku moja Bi Mosi akamwita chumbani.

"Kiwanja hakitupikii, mwanangu," akamwambia. "Kiuze, ununue gari ufanye kazi unayoijua."

Akanunua IST kuukuu, akajiandikisha kwenye kampuni moja ya teksi mtandao. Asubuhi yuko Tegeta na Mwenge, jioni anarudi Bagamoyo. Haukupita mwaka, wanawake wengi wa mjini walikuwa na namba yake: anayepeleka mtoto hospitali, anayekwenda kumzika mtu Bunju, bibi harusi asiyetaka kupanda gari la mwanamume asiyemjua.

Bima alikatiwa na kijana mmoja wakala, Umair, mwenye kiofisi karibu na stendi. Wahida alitaka bima kubwa, ile inayotengeneza gari lako mwenyewe likiumia. Umair alijaza fomu kwa mkono wake, na penye matumizi ya gari akaandika "binafsi".

"Lakini mimi nabeba abiria," Wahida akasema.

"Namba zako za njano au nyeupe?"

"Za njano."

"Basi ni binafsi. Ukiandikisha biashara bei inapanda, halafu utadaiwa na vibali vingine. Gari ni gari, dada. Weka saini hapa."

Akaweka.

Alhamisi moja ya masika, mchana, simu ikamletea abiria Mwenge. Alipofika akakuta ni Kinjal, binti wa Mzee Chandulal muuza vitambaa wa Bagamoyo, ambaye siku hizi alifanya kazi kwenye duka la dawa Dar. Anakwenda nyumbani kumwona baba yake. Walicheka kwa kukutana hivyo, wakazungumza njia nzima. Walipofika Bunju, Wahida akapunguza mwendo.

"Kinjal, nikifunga safari hapa kwenye simu, kampuni haitakata chake mpaka Bagamoyo. Tukubaliane wenyewe tu, nawe utapata nafuu."

"Funga, dada Wahida. Kwani sisi wageni?"

Akagusa kioo cha simu, safari ikafungwa.

Walikuwa wameipita Mapinga, mvua inamwagika, ng'ombe wawili walipotokea vichakani na kusimama katikati ya lami. Wahida alikanyaga breki, gari likateleza kushoto, likajibamiza ubavu kwenye ukingo wa zege wa kalvati. Yeye alitoka na mchubuko wa paji la uso. Kinjal alikuwa amekaa nyuma, upande ule ule wa kushoto. Mlango ulikuwa umeingia ndani hadi kwenye paja lake. Hakupiga kelele. Alikuwa akisema tu, kwa sauti ndogo, "Mguu wangu sijui uko wapi, dada. Hebu nitazamie mguu wangu."

Maneno hayo Wahida hakuyasahau tena.

Polisi walikuja, fomu ya matibabu ikaandikwa, Kinjal akapelekwa hospitali kubwa Dar. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika mara mbili, ikabidi atiwe chuma. Mzee Chandulal alifunga duka siku tisa, jambo ambalo watu wa mtaa ule hawakuwahi kuliona. IST ilikokotwa mpaka uwanja wa kituo cha polisi.

Jumatatu Wahida alikuwa mlangoni kwa Umair kabla hajafungua.

"Ulikuwa umembeba nani?" Umair akauliza.

"Abiria."

Umair akainuka, akafunga mlango. "Neno hilo usilitamke tena. Bima yako ni ya gari binafsi. Ukisema abiria wa kulipa, hupati hata kioo. Andika kwamba huyo binti mnajuana, ulimpa lifti. Uongo uko wapi? Si mnajuana kweli?"

Wahida alishika kalamu muda mrefu. Alimwona mama yake ameketi barazani, akiwaambia majirani gari liko gereji, litatoka wiki ijayo. Alimwona na Kinjal kitandani, akajiambia kwamba bima ikilipa, hata binti huyo atapata fungu lake la matibabu. Akaandika lifti, akatia saini.

Mambo yakaanza kuporomoka kutoka upande asioutazama. Alikwenda kwanza kwenye ofisi ya kampuni ya teksi mtandao, maana alisikia wana bima inayowafidia abiria wao. Binti wa mapokezi aliangalia kompyuta, akamgeuzia kioo ajionee. Safari ya Kinjal ilikuwa imeishia Bunju, saa nane na dakika kumi.

"Ajali ilitokea saa nane na nusu, mama. Saa hiyo hukuwa kazini kwetu."

"Lakini abiria alikuwa ndani, huyo huyo!"

"Kwetu alikuwa ameshashuka."

Wiki mbili baadaye ikaja barua ya bima. Mkaguzi wao alikwenda hospitali kumhoji majeruhi, na Kinjal, asiyejua lolote kuhusu lifti, alieleza kila kitu kama kilivyokuwa: simu, Mwenge, Bunju, nauli. Barua ilisema madai yamekataliwa kwa sababu gari la binafsi lilikuwa linafanya biashara, na tena mwenye gari alitoa maelezo ya uongo.

Umair alipopigiwa alisema, "Mimi sikukwambia udanganye," kisha simu yake haikupokelewa tena.

Basi kwa watu wa bima Wahida alikuwa mfanyabiashara, kwa kampuni ya teksi hakuwa kazini. Siku zile hakula. Akawa anapita uchochoroni asikutane na mtu wa kumuuliza hali ya Kinjal. Usiku mmoja aliisoma tena barua ile mpaka karatasi ikalegea mikunjoni, na alipokwisha aliona wazi kwamba katika wote waliomponza, aliyefunga safari kwa kidole chake ni yeye.

Asubuhi akamweleza mama yake. Bi Mosi alisikiliza mpaka mwisho, akiwa na ungo wa mchele mapajani.

"Gari halitatoka, basi?"

"Halitatoka, mama."

Bi Mosi akaendelea kupeta. Baadaye, bila kuinua uso, akasema, "Nenda kwa Chandulal. Asije akayasikia kwa mwingine."

Kinjal alikuwa amesharudishwa nyumbani, kalala kwenye chumba cha nyuma ya duka. Mzee Chandulal alisimama nyuma ya meza yake ya kukatia vitambaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sema."

Wahida akasema yote, na lile la lifti pia. Mzee alitikisa kichwa polepole.

"Kwa hiyo umewaandikia watu wa bima kwamba binti yangu hakulipa nauli. Yeye akasema kweli, wewe ukamfanya aonekane mwongo. Na mguu ule?"

"Nisamehe, mzee."

"Toka."

Kinjal alikuwa amesikia. Akaita kutoka chumbani, "Baba, hata mimi nilikubali Bunju!" Mzee hakugeuka.

Wahida hakuwa na pa kukimbilia tena, na labda ndiyo maana hakuogopa tena. Alipanda basi akaenda Dar, kwenye ofisi inayosikiliza malalamiko ya bima. Akaeleza habari ya fomu ya Umair, akaeleza na uongo wake mwenyewe, neno kwa neno. Ofisa aliyemsikiliza, mwanamke wa makamo aitwaye Adila, aliweka kalamu chini.

"Unajua kwa maelezo haya gari lako umelizika kwa mikono yako?"

"Najua."

"Basi kwa nini umekuja?"

"Kwa ajili ya yule binti. Yeye hakujaza fomu yoyote, wala hakumdanganya mtu."

Aliitwa mara nne. Mara mbili alikuta kikao kimeahirishwa, akarudi Bagamoyo na njaa. Mwezi wa saba tangu ajali, uamuzi ukatoka. Gari halilipwi. Majeruhi alipwe matibabu, kwa kuwa kosa la mwenye gari na wakala si lake. Kampuni ya bima ililalamika, kisha ikalipa sehemu kubwa, si yote.

Wahida alipeleka nakala ya uamuzi dukani mwenyewe. Mzee Chandulal aliisoma mara mbili, miwani puani.

"Na fungu lako wewe?"

"Langu halimo, mzee."

Mzee aliikunja karatasi, akaiweka kwenye droo. Kinjal, aliyekuwa akijizoeza kutembea kwa gongo, alimkaribisha kiti. Wahida alishukuru, hakuketi.

IST iliuzwa kwa wanaonunua magari ya kuchinja kwa vipuri. Siku hizi Wahida anaendesha kirikuu, kijigari cha mizigo cha mkulima mmoja wa Kiwangwa, Bwanausi, akishusha mananasi sokoni, kwa mshahara wa mwezi unaochelewa. Kinjal anachechemea; daktari anasema atachechemea maisha. Wakikutana husalimiana vizuri, na kila mmoja huwahi kuaga.

Bi Mosi bado anamwamsha alfajiri, anampa chai, anamwombea dua mlangoni. Habari ya gari, wala ya kiwanja, hajaitaja hata siku moja. Wahida angeona afadhali angalau mara moja agombezwe.