Alama ya Kamba Shingoni

Miaka ya sitini nilikuwa mhudumu wa mochari katika hospitali ndogo katikati ya mashamba ya majani chai. Shule niliachia darasa la nne. Uchunguzi wa maiti nilijifunza kwenye kitabu kikuukuu nilichoachiwa na daktari aliyehama.

Jioni moja waliniletea mama mchumaji. Alikuwa ameanguka kifudifudi kwenye michai, akalala hivyo tangu asubuhi, aproni yake ya turubai imenasa matawini na kamba imemkaza shingo. Nilimvua. Dereva akaidai aproni kwa kuwa ni mali ya shamba, nami nikampa. Hapo nilikosea.

Kesho yake daktari aliyetoka Kiptere kuja kumchunguza aliona uso mweusi na alama iliyobonyea shingoni. "Amenyongwa," akasema. Mumewe alikuwa seli tayari. Majirani walisikia wakigombana.

Nilimweleza daktari kwamba damu hushukia upande maiti alioulalia, na kwamba alama ile ni ya kamba ya aproni.

"Iko wapi?"

"Imerudi stoo, daktari."

Nikamwomba afungue shingo, kwani anayenyongwa akiwa hai mara nyingi huvia damu ndani ya misuli. Akatazama saa. Barabara ya kumrudisha Kiptere ilikuwa tope tupu. "Nimeshaandika," akasema.

Nilitembea maili sita hadi stoo. Karani akanionyesha rundo la aproni zilizokwisha kuoshwa, akacheka. "Chagua, mzee. Zote ni zake."

Nikatoa rula. Nilipima kamba kumi na moja. Upana ulikuwa mmoja, na kila moja ilikuwa na pete ya chuma mahali pale pale. Basi yoyote ingetosha kulinganishwa na shingo ile! Nikaazima moja, nikarudi nikikimbia licha ya umri wangu.

Nilikuta jeneza limepigiliwa misumari, liko juu ya lori. Kaka zake walikuwa wanampeleka kwao Magharibi akazikwe. Nilimshika mkubwa wao mkono.

"Ndugu yangu, nipeni dakika tano tu. Shemeji yenu atanyongwa bure."

"Dada yetu amechezewa vya kutosha. Wewe ni daktari?"

"Hapana."

"Basi shika kazi yako ya kuosha."

Lori likaondoka. Nikaipeleka aproni kituo cha polisi, nikaeleza yote kwa utaratibu, nikionyesha vipimo. Ofisa alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akaivuta kamba kwa kidole, akaniuliza nilitaka ailinganishe na nini.