Watu Waliotoweka kwenye Jedwali

Kwanza mnivumilie. Niliishia darasa la nane, mkono wangu ni mzito, na herufi zangu huinama upande mmoja kama zinataka kulala. Nilipokosea, someni kile nilichotaka kusema.

Ninaishi mtaa wa Gatina lakini kazi yangu iko mtaa wa Lindi, kwenye chumba cha kikundi cha akina mama wanaowapelekea uji na dawa wagonjwa wasioweza kutoka kitandani. Kila asubuhi mimi hufungua jedwali kwenye kompyuta na kuchapisha karatasi, na kila mama huenda kwenye milango aliyoandikiwa. Hatuandiki majina, kwa sababu wengine hawapendi ugonjwa wao ujulikane. Tunaandika "mzee wa redio", "mama pacha wa karibu na bomba", hivyo tu. Jioni tunatia alama kwa kila aliyefikiwa. Kijana aliyetutengenezea jedwali hilo alienda Uarabuni kufanya kazi, na hatukuwahi kumuuliza alivyolitengeneza.

Siku moja mzee wa redio hakuwemo kwenye karatasi. Alikuwa amelazwa hospitali kwa muda, lakini mimi sikuwa nimemfuta. Kabla sijapata ujasiri wa kusema, tukasikia amefariki. Mmoja wa akina mama akasema, "Hiyo mashine ilijua."

Tangu hapo mtu akitoweka hakuna aliyeuliza. Watu wa huku huhama chumba bila kuaga, kwa hivyo kunyamaza kulikuwa rahisi.

Halafu ikawa zamu ya bibi kizee tuliyemwandika "shosho wa mlango wa kijani". Anaishi peke yake, miguu haimbebi, na dawa yake ya presha ni sisi tunampelekea. Niliona kwa macho yangu. Nilifungua jedwali, mstari wake ulikuwepo, kioo cha kompyuta kikapepesa mara moja, na mstari wa juu ukagusana na wa chini. Pembeni namba za mistari zilisema nane, kisha kumi; tisa yake haikuwepo.

Nilikuwa nimesikia kwamba jedwali linaweza kuwa na makro, yaani maagizo yanayojiendesha yenyewe. Nikafungua mahali makro zinapoonyeshwa. Palikuwa patupu. Kitu kilikuwa kinasogeza watu na hakikuwepo.

"Na shosho wa mlango wa kijani?" nikawauliza akina mama.

"Wacha hayo," akasema mwenyekiti wetu. "Unataka kuita kifo?"

Mama aliyekuwa akimpelekea uji alikuwa ametoka mazishini ushago, kwao kijijini. "Mimi nimerudi nikapata hayuko kwa karatasi," akasema. "Nikajua ameenda."

"Ulienda kuangalia?"

"Niende kuangalia nini, mwanangu?"

Nikaibeba kompyuta hadi kituo cha Kawangware 56, kwa fundi mmoja aliye karibu na saluni.

"Sista, umeniletea laptop ama jini?" akacheka.

Lakini alipoona ile orodha tupu ya makro na mstari ukijifunga mbele yake, kicheko kikaisha. Akalifunga jedwali. "Finya hii Shift. Usiachilie mpaka nikwambie."

Nikafinya. Jedwali likafunguka na kioo hakikupepesa.

"Saa hii haijaamka," akasema kwa sauti ya chini. Akafunua mistari iliyofichwa, na wale watu wakatokea, wengi kuliko nilivyodhani. Kisha akafungua dirisha jingine ambamo maagizo huandikwa. Makro ilikuwa humo, ya aina isiyojitokeza kwenye orodha, na huamka kila jedwali linapofunguliwa bila kufinya Shift. Ilisema: asiye na alama kwa wiki mbili, mfiche.

"Jamaa aliyetengeneza hii alitaka kuondoa waliohama," akasema.

Nilielewa polepole. Shosho alikosa alama wakati mama yule alipokuwa ushago na hakuna aliyeshika milango yake, akafichwa, kama mzee wa redio alipokuwa hospitali. Na akishafichwa hakuna atakayeenda, na asipoendewa hatapata alama tena milele.

"Kwa hivyo wako hai?"

"Mimi najua mashine, sista. Hayo enda uwaulize wenyewe."

Jioni hiyo nilibisha mlango wa kijani. Nikabisha tena.

"Nani ameniona?" sauti ikauliza kutoka gizani.

Alikuwa amekonda sana. Mtoto wa jirani ndiye aliyekuwa akimpa maji. "Nilikuwa nawasikia mkipita na sufuria," aliniambia. "Nikiita, mnapita. Nikaona labda nimekufa, ndiyo maana."

Makro tumeitoa, na milango yote iliyofichwa tumeibisha. Wengine walikuwa wamehama, wengine wamekufa, wengine tuliwapata. Umebaki mstari mmoja: "wa dirisha la bluu, hasemi." Una alama za jioni nyingi kabla haujafichwa, lakini hakuna mama anayekumbuka kuingia hapo. Nimezunguka Lindi nikitazama madirisha, na sijaliona.

Kama unamjua mtu huyo, au kama ni wewe, niandikie hata neno moja. Niambie ni njia gani, na uji nitauleta mwenyewe.