Paka Wenye Alama wa Soko la Ikutha

Niliporudi kutoka Doha sikurudi mikono mitupu kama wengine. Kule nilianza kwa kuosha vizimba katika kliniki ya wanyama, nikamaliza nikiwa msaidizi wa chumba cha upasuaji, na diploma yangu ya afya ya mifugo niliilipia mwenyewe kwa mshahara huo. Imetundikwa sebuleni, mkabala na mlango, mgeni aione kabla hajakaa. Hapa Ikutha wananiita daktari.

Kwa hiyo niliposikia kwamba wenye maghala ya ndengu wamekubaliana kuwapa paka wa soko sumu, nilijua kazi imenifikia. Paka wale hawakuwa na mwenyewe. Walizaliana nyuma ya maghala, wakapigana juu ya mabati, wakanya kwenye magunia. Mwenyekiti wa soko, mzee mwenye ghala kubwa kuliko yote, alikuwa ameshanunua sumu, anangoja tu matumbo ya kuichanganya nayo. Nilimwomba anipe mwezi mmoja. Nikamweleza kwamba akiwaua hao, panya watajaa, halafu watakuja paka wengine. Lakini wakifungwa kizazi watabaki wachache, watatulia, na panya wataendelea kuliwa. Alikubali shingo upande.

Mwezi huo niliufurahia kuliko wowote wa Doha. Mama muuza samaki aliye jirani na maghala ndiye aliyekuwa akiwatupia vichwa vya samaki siku zote, kwa hiyo yeye aliwaita na mimi nikawatega kwa vizimba vya waya nilivyobuni na kuchomelea mwenyewe. Daktari wa mifugo ninayemfahamu alikuja kutoka Kitui mjini, akawapasua kwenye veranda yangu, mimi nikiwashika na kuwaangalia wakiwa usingizini. Kila aliyefungwa kizazi alikatwa ncha ya sikio la kushoto, ili tusije tukamtega tena. Kisha nikawarudisha sokoni.

Hapo ndipo maneno yalipozuka. Mwenyekiti alinikuta nikifungua kizimba cha mwisho mbele ya ghala lake.

"Daktari, huko Doha mtu hufagia takataka, akaiosha, akairudisha mlangoni?"

Watu wakacheka. Akasema sumu anaiweka jioni hiyo hiyo. Nilikuwa nakohoa nianze somo, lakini dalali mmoja wa mbuzi, aliyekuwa akitoka mnadani, alikuwa ameshachuchumaa mbele ya paka akimchunguza.

"Huyu amekatwa alama," alisema. "Na yule pia. Ncha, sikio la kushoto. Hii ni ya boma gani?"

Kwetu kila boma huwakata mbuzi wake masikio kwa namna yake, na mnyama mwenye alama ana mwenyewe, hata akipotelea mbali namna gani. Ukimwua, unaitwa mbele ya wazee. Nilianza kueleza kwamba alama hii ni ya upasuaji tu. Mama muuza samaki akanikanyaga mguu.

"Ya boma langu," nikasema.

Mwenyekiti akauliza kama ni wote. Nikajibu ni wote, na watakaohamia pia. Alinitazama, akawatazama paka, akaingia ghalani. Sumu iliishia kwenye shimo la choo.

Tangu hapo hakuna mtu Ukambani mwenye kundi la paka kama langu. Kesi zao zote huletwa kwangu. Mwenye hoteli ameshakuja kulalamika kwamba mifugo yangu imelamba maziwa yake, na mama muuza samaki, anayewalisha mwenyewe, ananiita mfugaji mbele ya wateja. Mimi hujibu kwa kifua mbele. Magunia ni safi, mabati yametulia.

Wiki iliyopita mwenyekiti alifika kwangu na kikapu kilichofunikwa kwa leso. Ndani mlikuwa na paka jike wa kijivu, mgeni aliyehamia ghalani kwake. Akaomba nimhudumie kama wale wengine, nimtie na alama, asije mtu akamdhuru. Nilipokuwa nampokea, akanishika mkono.

"Lakini umkate sikio la kulia, daktari. Huyu ni wa boma langu."