Siku Sharubati Yangu ya Embe Ilipofyatuka Ukumbini

Bora niseme mwenyewe, maana nikinyamaza mtaambiwa na mtu mwengine na atatia chumvi zake: mimi ndiye yule binti wa Maalim Shee aliyewamwagia waamuzi povu la embe mchana kweupe, mbele ya mgeni rasmi, mbele ya mwalimu wangu wa chuo, na (Mungu anisitiri) mbele ya baba yangu mzazi aliyekuwa amekaa safu ya pili na kanzu aliyoitoa sandukuni kwa ajili yangu. Siku ile nilidhani maisha yangu ya Amu, yaani Lamu, yamekwisha, itabidi nihamie nti ya mbali, nchi ya watu, nikaanze upya kwa jina jengine. Leo nacheka, lakini nilichukua muda kufika hapa, kwa hivyo na nyinyi msinicheke mapema.

Mambo yalikuwa hivi. Nilikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, nasomea biashara, na muhula ule tulifundishwa ujasiriamali na Mwalimu Kilonzo, mtu wa bara, mrefu, mpole, mwenye tabia moja ya kuudhi: ukimwambia jambo lolote atakuuliza "kwa nini?" na ukimjibu atakuuliza tena "kwa nini?" na tena, mpaka unasahau ulichokuwa ukisema. Alituambia hataki mtihani wa kukaa. Kila mmoja aandike mpango wa biashara mpya, aitengeneze bidhaa yenyewe, kisha aje aitetee mbele ya waamuzi na watu wa mji. Mshindi angepewa kibanda pale karibu na gati bila kodi mwaka mzima. Atakayeshindwa kuitetea bidhaa yake angerudia somo, na kurudia somo ni kuchelewa kumaliza, na mimi nilikuwa nimeshawatangazia jamaa zote kwamba mwakani mimi ni mhitimu.

Nikachagua sharubati ya embe, kwa sababu mama yangu anauza sharubati mlangoni petu tangu sijazaliwa, watu wanatoka mpaka kijiji cha Matondoni wakija mjini wanapitia kwake, na mimi nikajiambia biashara hii iko damuni, inataka usomi kidogo tu. Nikaandika mpango wa kurasa ishirini na mbili. Kulikuwa na soko, kulikuwa na washindani, kulikuwa na ukurasa mzima wa michoro ya rangi ambayo mpaka leo sijui ilikuwa ikionyesha nini.

Alhamisi nikasaga embe, nikachuja, nikatia tangawizi na sukari, nikaanza kujaza chupa. Mama alikuwa uani akiniangalia.

"Rukia, ndoo hapa," akaniita (ndoo ya Kiamu, yaani njoo, si ya kutekea maji). "Hiyo huitii motoni?"

"Siichemshi, Mama. Ikichemshwa inapoteza rangi na ladha. Wateja wa siku hizi wanataka kitu kibichi, cha asili."

"Wateja gani hao?"

"Wako kwenye mpango wangu, ukurasa wa tisa."

Mama akaniangalia, akaangalia chupa, akasema, "Haya, mwanangu, wewe ndiye msomi," akaendelea kupepeta mchele wake. Ningekuwa na akili ningesikia jinsi alivyolitamka lile neno msomi. Sikusikia.

Na hizo chupa nazo. Nilizipata bure kwenye hoteli moja ya watalii kule Ras Kitau, ng'ambo ya maji, chupa nzuri za kioo, ndefu, za kijani, pamoja na vizibo vyake vya gome, na kwenye mpango nikaandika kwamba biashara yangu inatunza mazingira. Zilikuwa na karatasi zake za zamani zenye picha za zabibu. Nilizikwangua mbili tatu, mikono ikachoka, nikaona hapana, kwa nini nijitese, nikabandika karatasi zangu juu ya zile za zamani. Sikujiuliza chupa yenye picha ya zabibu ilikuwa na nini ndani. (Nilijua. Tusidanganyane. Niliziosha kwa maji ya moto na sabuni mara saba, nikajiambia basi, yamekwisha.)

Ijumaa mchana stima ikakatika, na friji yetu, iliyokuwa na chupa zangu zote, ikakaa kimya mpaka Jumamosi asubuhi, siku yenyewe ya kutetea bidhaa. Nilipofungua nikaona vizibo vimejitokeza kidogo, kila kimoja kama kinachungulia. Mtu mwenye busara angefungua chupa moja akaonja. Mimi nilichukua mchi wa kinu nikavigonga vyote vikarudi ndani barabara, nikampa hamali akazipanga kwenye mkokoteni, tukashika ndia ya ufukweni, mawe yakizitikisa zile chupa ishirini na nne tangu mlangoni petu mpaka ukumbini, nami nikitembea mbele na buibui langu jipya na faili kwapani kama waziri. Kule ukumbini nikapewa meza ya dirishani. Nikafurahi, nikasema jua litaipendezesha rangi ya embe.

Ukumbi ulijaa. Mgeni rasmi, mama mmoja kutoka ofisi za serikali, alikuwa amesimama akihutubia habari za vijana kujiajiri. Mwenyekiti wa waamuzi alikuwa Bwana Famau, mzee wa mji, mwenye majumba, mtu ambaye hujamwona na doa kwenye kanzu tangu uzaliwe. Mgeni rasmi akasema, "Vijana wa Lamu wana nguvu ambayo ikifunguliwa..." na hapo hapo, paa!

Kizibo cha kwanza kiliruka mpaka kwenye pangaboi, pangaboi likakipiga, kikaja kutua kwenye kofia ya Bwana Famau. Askari aliyekuwa mlangoni akalala chini kifudifudi. Watu wakapiga mayowe. Nikasimama niseme jamani ni embe tu, lakini kabla sijafungua mdomo, paa, paa! cha pili na cha tatu, na vyengine nyuma yake, na povu la manjano likaanza kupanda kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Nikakimbilia meza, nikashika chupa moja nikaiziba kwa kidole gumba, nikidhani naokoa hali. Msijaribu kuziba kwa kidole chupa iliyokasirika. Ilipiga mchirizi wa moja kwa moja, mrefu, ukapita kwenye kitambaa cheupe cha projekta, ukamchukua Mwalimu Kilonzo kifuani, ukamalizikia kwa Bwana Famau, kuanzia ndevuni mpaka miguuni.

Povu likitiririka likalowesha karatasi zangu nzuri, zikaanza kuteleza moja moja, na nyuma yake zikatokeza zabibu. Meza nzima, zabibu.

Bwana Famau akajifuta ndevu kwa leso, ulimi ukamgusa mdomo, akasita. Akaonja tena. Kisha akageuka polepole kuitazama safu ya pili.

"Maalim Shee," akasema, "binti yako atunywesha tembo?"

Kwa wasiojua, tembo hapa si ndovu, ni pombe ya mnazi. Na baba yangu anafundisha Qurani watoto wa nusu ya mtaa wetu. Baba alitazama zile zabibu, akanitazama mimi, nami nikaona heri sakafu ile ifunguke. Haikufunguka, kwa hivyo nikatoka mbio kwa mlango wa nyuma, viatu mkononi, sijui nilivivua saa ngapi.

Mama, aliyekuwa amekaa nyuma kwa wanawake, alinikuta nje nimejibanza ukutani nalia. Nilingoja aniambie si nilikwambia. Angekuwa na haki, na mimi ningekuwa mahali pake ningesema mara mbili. Akachukua ncha ya leso yake akanifuta embe kwenye nyusi.

"Zamu yako bado," akasema.

"Mama, zamu gani tena? Nimemwaibisha Baba."

"Baba yako yumo ndani bado. Hakuondoka. Wewe ndiye uliyeondoka."

Nikavaa viatu nikarudi. Ukumbi ulikuwa unanuka embe na watu walikuwa wakicheka, wengine wamejiinamia kabisa, mgeni rasmi mwenyewe akijifuta machozi. Nikasimama mbele bila faili (lilikuwa linaogelea mezani) nikasema, "Naitwa Rukia Shee, na bidhaa yangu mmeshaiona." Wakacheka zaidi. Mwalimu Kilonzo, shati limemganda, akainua mkono, na nikajua kinachokuja.

"Kwa nini chupa zimefyatuka?"

"Kwa sababu sharubati imechacha."

"Kwa nini imechacha?"

"Kwa sababu sikuichemsha."

"Kwa nini hukuichemsha?"

Nikataka kusema rangi na ladha. Nikaangalia nyuma ya ukumbi, Mama amesimama mlangoni na leso yake yenye embe.

"Kwa sababu niliona najua kuliko mama yangu, ambaye ameifanya kazi hii miaka yote na hajamwagia mtu."

Hakuna aliyecheka. Nikaendelea, sijui maneno yalitoka wapi: nikaeleza kosa la chupa, kosa la karatasi, kosa la kupiga vizibo kwa mchi, nikamwomba radhi Bwana Famau, nikamwomba radhi baba yangu kwa jina mbele ya watu wote. Mwishowe nikasema nitaimwaga sharubati iliyobaki yote baharini.

"Usimwage!"

Aliyepiga kelele ni mtu mnene aliyekuwa ameinama kwenye meza yangu akinusa chupa. Alikuwa Mpishi Mwakio, Mtaita, mpishi mkuu wa hoteli nyengine kule Ras Kitau, amealikwa kutafuta wauzaji wa hapa hapa. Akasema, "Dada, hii si ya kunywa na si ya kumwaga. Ihamishie kwenye mitungi, funika kwa kitambaa, iache. Wiki sita, saba, itakuwa siki. Mimi siki naagiza Mombasa, na inakuja imepoa kama maji. Siki ya embe yenye tangawizi? Niletee mimi kwanza."

Macho yote yakaenda safu ya pili. Baba akainuka, akakohoa kidogo, akazungumza kwa sauti ile ile ya darasani: "Ikigeuka siki yenyewe, pasi na kutiwa kitu, ni halali na ni twahara. Kabla haijageuka, haingii kinywa cha mtu." Kisha akanigeukia. "Umesikia, Rukia?" Nikasema nimesikia. Akaketi, na naapa niliona mdomo wake ukitaka kucheka.

Kibanda sikupata. Alipata mwenzangu mmoja anayeshona mikoba ya matanga chakavu ya majahazi, na alistahili. Lakini Mwalimu Kilonzo alinipitisha, tena kwa alama zilizonishangaza. Chupa kumi na tatu zilizosalimika tulizimimina mimi na Mama kwenye mitungi miwili huko darini, safari hii Mama akisema na mimi nikitii. Wiki za mwanzo harufu ilikuwa ya kuwakimbiza majirani. Wiki ya nne ikabadilika. Wiki ya saba Mama akachovya kijiko, akakunja uso wote, akasema, "Alhamdulillahi, imekasirika vizuri."

Nikavuka kwa mashua kwenda Ras Kitau na kidumu cha siki mapajani. Mpishi Mwakio akaimimina juu ya vitunguu na samaki wa kuchoma, akala, akaisukuma sahani kando, mimi nikaona basi, nimeaibika tena. Halafu akafungua mlango akaita jiko zima, "Njooni! Njooni mwonje!" wakaja na vijiko, wanane, wakalamba sahani ikabaki nyeupe. Akaniambia anataka yote, na ya mwezi ujao, na kwamba wapishi wa hoteli za jirani watanipigia simu kabla ya Ijumaa. Walipiga Jumatano.

Na Bwana Famau? Mwezi ule ule alimtuma mtumishi wake kuja kununua siki ya kachumbari, wiki ya pili akaja mwenyewe, wiki ya tatu akanipa funguo za ghala la chini la nyumba yake moja, akasema mitungi inataka mahali penye baridi na giza, si darini kama nguo. Ndipo tulipo mpaka leo. Mama ndiye msimamizi, nami ndiye ninayetumwa.

Kitu kimoja tu sikufanikiwa kukiondoa: jina. Tangu siku ile mji mzima unaniita Bi Povu. Nikipita sokoni, Bi Povu. Nikienda hospitalini, nesi anaita Bi Povu, nami naitika. Nililia, nikagomba, nikachoka, mwishowe nikalichapisha kwenye chupa kwa herufi kubwa, Siki ya Bi Povu, na tangu hapo hatupumziki kwa kazi.

Juzi Mwalimu Kilonzo aliniita nizungumze na wanafunzi wake wapya. Binti mmoja akauliza kama ningependa siku ile isingetokea. Nikamwambia ukweli: siki naipenda, jina nimelizoea, lakini nikikumbuka uso wa baba yangu akizitazama zile zabibu, bado natamani kujificha chini ya meza. Ndiyo maana nimeapa, na kiapo hiki nakitimiza mpaka leo: kitu nilichokitengeneza mimi hakitoki mlangoni mwangu kabla sijakionja asubuhi ile ile, na hakitoki kabla hajakionja Mama.