Bwana Tone na Makopo Yanayokunywa Maji

Mhudumu wa msikiti amepanda ngazi, amechungulia ndani ya tangi, ameshuka. Anasimama kidogo, anajikuna shingo, kisha anapanda tena, kana kwamba maji yangeongezeka alipoyapa kisogo.

Hayajaongezeka. Adhuhuri haijaadhiniwa na tangi limeshuka chini ya nusu.

"Sielewi," anasema kutoka juu. "Nimefunga mabomba, nimeleta makopo, na maji yanakwenda mbio kuliko zamani."

Waumini wanamwita Bwana Tone. Zamani alikuwa fundi bomba. Kwa miaka saba sasa anafagia, anatandika mikeka na kulinda maji ya udhu, ambayo lori huyaleta mara moja kwa wiki, likikumbuka.

Mwezi uliopita imamu alifundisha kwamba Mtume alitosheka na kibaba kimoja cha maji kutawadha, na kwamba israfu, yaani kupoteza maji bure, ni israfu hata ukiwa kando ya mto unaotiririka. Bwana Tone alitoka pale kichwa kimepata moto. Alinunua makopo ishirini, kila moja la kibaba, akafunga mabomba yote ya chumba cha udhu isipokuwa moja la kujazia.

Hesabu ilikuwa nyepesi. Maji ndiyo yaliyokataa kuhesabika.

Sasa kamati imechoka. Tangi likikauka tena kabla ya sala ya Ijumaa, yaani kesho kutwa, bomba la nje ya ukuta litafungwa. Hapo ndipo majirani wanapochota, akiwemo dada yake Bwana Tone mwenye watoto wanne.

"Msikiti kwanza," anasema mwenyekiti wa kamati, bila ukali. "Watu wa Ijumaa watatawadha kwa mate?"

Bwana Tone ameshuku kila kitu. Ameshuku ufa, akafukua bomba zima bila kuona unyevu. Ameshuku majirani. Kuna siku alimshuku paka.

Dada yake hakumwonea haya. "Kaka, sisi wa ndoo mojamoja ndio tunaomaliza tangi? Nenda ukakae na hao wanaume wako, uwatazame mikono."

Ndiyo maana leo amevuta kigoda mpaka mlangoni mwa chumba cha udhu.

Anaingia mwenye bucha. Anachukua kopo, analijaza nusu, analizungusha, anamwaga. Anarudia. Kisha analijaza pomoni na kutawadha vizuri, hapotezi hata tone. Anaondoka, fundi cherehani analidaka kopo lilelile. Yeye anasuuza mara tatu.

"Fundi, unalisuuzia nini?" anauliza Bwana Tone.

"Limetoka mkononi mwa mwenye bucha."

"Si alikuwa anatawadha?"

"Ndiyo. Na kabla ya kutawadha alikuwa wapi?"

"Nimekusikia," anasema mwenye bucha akivaa ndara. "Wewe unayelamba uzi tangu asubuhi."

Chumba kizima kinacheka. Bwana Tone hacheki. Zamani, kila mtu chini ya bomba lake, hakuna aliyegusa maji ya mwenzake; sasa kopo limewakutanisha.

"Kibaba kimoja cha udhu, viwili vya kumfuta ndugu yako," anasema taratibu. "Na huwezi kuwagombeza, usafi nao ni dini. Sasa nimshike nani?"

Adhana inaanza naye hajatawadha. Anachukua kopo aliloliacha fundi cherehani, anatia maji kidogo, kiganja kinalizungusha chenyewe, anamwaga.

Anagutuka. Anautazama mkono wake kama wa mtu mwingine.

"Hata mimi," anasema.

Baada ya sala anamfuata imamu barazani na mpango wake. Ijumaa, mbele ya watu wote, imamu alipokee kopo kutoka mkononi mwa mwenye bucha, ajaze mara moja, atawadhe. Bila kusuuza. Watu wakimwona yeye, huenda mikono yao ikatulia.

Imamu anatafakari.

"Kopo la mwenye bucha?"

"La mwenye bucha, sheikh."

Imamu anakohoa. "Inshallah," anasema, kisha anaanza kutafuta viatu vyake.

Bwana Tone anarudi kwenye ngazi yake. "Ile inshallah," anasema, "sijui ni ya kukubali au ya kuniaga."

Nyuma ya ukuta dada yake anatega ndoo. Bomba bado linatoa.