Fufu Ndani ya Radieta

Kuna siku moja ninayoikumbuka kuliko zote nilizokaa nyuma ya usukani, mwanangu. Ni siku niliyowashusha akina mama tisa kwenye matope ya barabara ya Buta, wakajitwika kichwani pondu yao, yale majani ya muhogo, na kutembea nayo hadi mjini. Nakueleza habari hiyo kwa sababu nimesikia umekabidhiwa basi dogo kuukuu, lililokuzidi umri, na kwamba joto lake linakunyima raha. Afadhali wewe unaogopa. Mimi nilichelewa kuogopa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Tonton Kasereka, kaka yake mama, alikuwa ametoka Butembo zamani na kufungua duka la jumla hapa Kabondo, mjini Kisangani, akiuza maharagwe na sabuni. Siku za soko alinipa gari lake niwalete akina mama wa upande wa Masako na mizigo yao. Aliponipa ufunguo alisema maneno machache tu.

"Sikia, mutoto wa dada yangu. Injini hii haina ndugu. Ikiungua, hatuna ingine. Wewe na miye tutatembea na miguu."

Kwa hiyo sikuwa na kisingizio. Tangu siku ya kwanza nilijua ni kitu gani kilichowekwa mikononi mwangu.

Wiki ya pili niliona unyevu mchangani, chini ya pua ya gari, mdogo kama kisahani cha chai. Radieta ilikuwa inavuja. Jambo la kufanya lilikuwa jepesi: kutoka gari lilipolala hadi dukani kwa tonton kulikuwa na hatua arobaini. Nilianza kuzipiga, nikafika katikati, nikarudi. Nilijiambia kwamba nikisema linavuja, yeye atasikia kwamba nimeliharibu. Vijana tunajua sana kuwasemea wakubwa majibu ambayo hawajayatoa. Basi nikawa nachota maji vijitoni na kujaza, bidoni moja ya plastiki, baadaye mbili.

Dereva mmoja pale maegeshoni akaninong'oneza kwamba unga wa muhogo huziba tundu. Kati ya abiria wangu alikuwapo Mama Anifa, muuza unga. Asubuhi moja tukiwa tunapakia, nilimwomba konzi mbili.

"Ya nini?" aliuliza.

"Ya radieta, mama."

Alicheka mpaka akatua beseni chini. "Bamama, kuyeni muone. Dereva wetu anapika fufu mu gari. Na mboga utatiya wapi?"

"Mboga iko pondu yenu," nilimjibu, na wote wakacheka, nami nikamimina unga wangu mbele yao bila aibu.

Na dawa ilifanya kazi, mwanangu. Ndiyo hatari ya dawa za namna hiyo. Kwa siku kumi hivi mchanga ulibaki mkavu, nami nikawa napiga mluzi. Sikufikiri kwamba unga uliokutana na maji ya moto hauendi kuziba tundu tu na kukaa kwa adabu. Unaiva. Unashika ndani ya vile vijia vyembamba ambamo maji hupita ili yapoe, na maji yakikosa pa kupita hurudi kwenye injini na joto lake lote.

Mshale wa joto ukaanza kupanda. Kwanza ulivuka nusu, kisha ukazoea kukaa karibu na wekundu. Waliokaa kiti cha mbele wakaanza kuutazama, na mimi sikupenda macho yao. Nikakata kipande cha katoni, nikakibana juu ya kioo chake. Mzigo ulipozidi nilifungua hita mpaka mwisho, maana hita huvuta joto la injini na kulileta ndani kwa abiria. Hilo lenyewe si kosa, likumbuke kwa siku ya dharura. Lakini fikiria saa sita za mchana hapa Kisangani, watu tisa, makaa na pondu, na hita inapuliza.

"Dereva, unatukausha sawa samaki?" mmoja aliniuliza.

"Ni mashini iko nasumbua kidogo, mama."

"Kidogo? Miye niko natoka maji sawa niko nazala mutoto."

Wakacheka tena. Nilifurahi kwamba walicheka, kwa sababu anayecheka haulizi maswali.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha. Tulipotoka kwenye msitu wa Masako barabara ilikuwa uji mwekundu, nami nikasukuma kwa gia ya kwanza mwendo mrefu. Harufu ikanijia, tamu kidogo, harufu ya chungu kilichosahauliwa jikoni. Niliitambua. Mguu wangu ulijua unapaswa kukanyaga breki, lakini soko lilikuwa limeshafunguliwa, nikasema moyoni, mbele kidogo tu. Mbele kidogo injini ikaishiwa nguvu, mvuke ukapanda mbele ya kioo, nikazima.

Niliruka chini na kitambaa mkononi, nifungue kifuniko cha radieta. Mama Anifa alinishika kiganja.

"Utafungua sufuria inachemuka na uso wako? Wacha ipowe."

Ndiye aliyeokoa macho haya. Kisha akarudi ndani kuchukua beseni lake. Ile katoni ilikuwa imeanguka, na mshale ulikuwa umelala mwisho kabisa wa wekundu. Aliutazama, akanitazama mimi. Safari hii hakuwa na mzaha.

"Tangu siku gani?"

"Wiki mbili, mama."

"Na patron anajua?"

Nikatazama matope. Akajitwika beseni. "Bamama, tutembee," alisema, na wote tisa wakapanga mstari kando ya barabara. Hakuna aliyenitukana. Ningepata nafuu kama wangenitukana.

Lori la mbao lilinivuta hadi kwa Papa Ramazani, fundi wa Kabondo, mzee wa moja ya zile familia za Kiislamu zilizoota mizizi hapa mjini tangu enzi za misafara ya biashara. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mipole. Aliishusha radieta, akaifungua juu, akaingiza waya, akavuta kitu cha kijivu kinachonata. Akakinusa.

"Chumvi ulisahau," alisema.

Kisha akaigeuza na kukwaruza rangi nyeusi kwenye mshono wa chini. Chini ya rangi kulikuwa na kitu kigumu cheupe. Alikilowesha kwa kidole, akasugua, povu likatoka.

"Fufu ni yako. Na sabuni hii?"

Niliapa kwamba sijawahi kutia sabuni. Akasema ananiamini, kwa kuwa rangi iliyoifunika ilipakwa kabla mimi sijashika usukani ule. Akafuta kidole chake. Wote wawili tulijua ni nani mwenye sabuni katika habari hii.

"Na injini, papa?"

"Sijui bado. Kama kifuniko chake cha juu kimepinda, tutakinyoosha. Kama kimepasuka, imekufa. Kesho asubuhi nitafungua. Lakini injini ya mutu miye sifungui bila mwenyewe kusimama hapa, na dereva njo anaenda kumwita."

Ndivyo ilivyokuwa desturi yake, na madereva wa Kabondo waliiogopa kuliko bei yake.

Nilikwenda kwa miguu. Baiskeli za toleka zilinipita, wenye nazo wakiniita nipande, nikakataa, maana sikuwa na haraka ya kufika. Njiani niliifikiria ile sabuni. Ingekuwa rahisi kumwekea tonton juu ya meza na kugawana naye aibu. Sijui ni nini kilichonizuia. Labda ni kule kutembea kwa wale mama tisa bila kunitukana.

Nilimkuta akipanga makatoni. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama: linavuja tangu wiki ya pili, nilitia unga, nilifunika mshale, leo limechemka, abiria wametembea. Sabuni sikuitaja.

"Kutoka gari mpaka hapa ni hatua ngapi?" aliuliza.

"Arobaini, tonton."

"Ulizihesabu?"

"Kila asubuhi."

Aliweka chini katoni aliyoishika. Halafu akauliza, "Ramazani aliona nini ingine?"

Nami nikaanza kumpangia makatoni yake.

"Nakuuliza."

"Aliona sabuni."

Akaketi taratibu juu ya gunia la maharagwe. "Ni miye. Ile tundu niliijua mbele ya kukupa ufunguo. Nilitiya sabuni, nikapaka rangi. Nilisema, mutoto akijua gari iko nagonjwa, ataikataa. Bon. Miye nilikuficha, wewe ukanificha, na injini ikabaki peke yake."

Asubuhi tulisimama wote wawili kwa Papa Ramazani. Kifuniko kilikuwa kimepinda, hakikupasuka. Kwa siku mbili nilikisugua kwa msasa juu ya kioo kinene mpaka kikakaa sawa, na tonton alikuja na kiti na kukaa nami. Radieta nyingine tuliitoa kwenye lori lililokufa. Gari lile liliishi miaka mingi baada ya hapo, na siku ya kwanza ya kurudi barabarani niliwaambia akina mama ugonjwa wake wote kabla hawajapakia. Walipakia.

Basi sikia, mwanangu. Kila asubuhi, kabla hujawasha, inama utazame mchanga chini ya gari lako, na uangalie maji wakati injini ikiwa baridi. Maji yakipungua, yameenda mahali. Tafuta mahali hapo badala ya kuongeza tu. Tia maji safi, usitie ya kijito yenye udongo. Usitie unga, wala pilipili, wala yai, hata dereva mwenye mvi akuapie. Mshale ukipanda, simama hapo hapo, hata kama soko linaonekana kwa macho, na usiguse kifuniko cha radieta mpaka mkono wako uweze kulala juu yake. Hayo ni ya gari.

La kwako wewe ni hili: siku unayoona unyevu, ndiyo siku ya kwenda kusema. Usingoje uwe na dawa kwanza, wala usimtungie mkubwa wako hasira ambayo hajawa nayo. Aibu ya wiki ya kwanza inabebeka. Ile yangu ya baadaye, akina mama tisa waliibeba kwa shingo zao.

Mungu akutangulie katika barabara zote, kavu na zenye matope. Akupe watu unaoweza kuwaambia ukweli ukiwa bado mdogo, na siku utakapokuwa wewe mwenye gari, akupe moyo wa kumwambia kijana wako kila kitu kabla hujamkabidhi ufunguo.